Dirisha Likikua, Menyu Nayo Ikue



Katika sehemu hii ya Kiswahili tumezoea kusoma habari za mpira, za safari za likizo na za mashindano ya insha. Sina neno juu ya hayo. Lakini siku hizi wanafunzi wengi wa skuli yetu wamejifunza kuandika programu za kompyuta kwa lugha ya Python, na baadhi ya programu za namna hiyo hutumiwa na watu wazima katika kazi zao za kila siku. Kwa hiyo nadhani ni haki jambo hili nalo lijadiliwe hapa, mbele yetu sisi tuliomo darasani na mbele ya kaka zetu waliokwisha maliza. Nataka kusema juu ya menyu kunjuzi, na kwa nini kila menyu kunjuzi yapasa itanuke pamoja na dirisha lake.

Najua mwingine atacheka na kusema, "Huyu ana miaka kumi na tisa, yuko Kidato cha Sita, na bado anashughulika na visanduku!" Namwomba asome mpaka mwisho, kisha acheke akitaka.

Menyu kunjuzi ni kile kisanduku chembamba chenye mshale mdogo kando yake. Ukikibofya hukunjua orodha ya majina, nawe huchagua moja. Faida yake ni kubwa. Mtu haandiki chochote, basi hakosei herufi, na daftari lote huwa na majina ya namna moja. Lakini faida hiyo yategemea jambo moja tu, nalo ni kwamba mchaguaji aweze kusoma anachokichagua. Asipoweza kukisoma, menyu si msaada tena, bali ni bahati nasibu.

Sote twajua kwamba dirisha la programu laweza kushikwa pembeni na kuvutwa likawa pana au jembamba. Twajua pia kwamba skrini hazilingani: ziko kompyuta kuukuu za mezani zenye skrini ndogo, na ziko mpya zenye skrini pana kama ubao. Sasa tazama programu nyingi za wanaoanza kujifunza. Ukilivuta dirisha, kisanduku hubaki pale pale, kidogo vile vile, na mkono wa kuume hutokea uwanja mtupu wa rangi ya kijivu. Majina ndani ya kisanduku yamekatwa mikia, na nafasi ya kuyaandika yote ipo hapo kando, haina kazi. Ni kama kumwalika mgeni katika ukumbi mkubwa, kisha ukamkalisha juu ya kigoda cha mtoto.

Chombo chenyewe hakina lawama. Python ilitungwa na Guido van Rossum, mtu wa Uholanzi, ikatolewa kwa watu mwaka 1991. Kuchora madirisha twatumia tkinter, ambayo imesimama juu ya chombo kiitwacho Tk. Hicho kilitengenezwa na John Ousterhout katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, nacho kilitolewa mwaka huo huo wa 1991. Mwaka 2007 Tk ya namba 8.5 ilileta vifaa vyenye sura nzuri zaidi, viitwavyo ttk. Katika Windows, ukiisha kuweka Python basi kwa kawaida tkinter imo humo humo, huhitaji kununua bando la intaneti ili kuipata. Ndiyo maana inafaa sana kwa skuli kama zetu.

Katika ttk, kisanduku ninachokisema huitwa Combobox. Usipokiambia upana wake, chenyewe hujipa upana wa herufi 20 hivi. Na orodha inayokunjuka chini yake hufuata upana ule ule wa kisanduku. Mtu atasema, "Herufi 20 zatosha." Kwa jina "Mbale" zatosha na kubaki. Lakini nitatoa mfano ambao hazikutosha.

Iko zahanati moja isiyo mbali sana na hapa. Fundi mmoja aliwaandikia programu ya daftari la dawa kwa Python, na Sista mwuguzi akaitumia kila siku kuandika dawa alizozitoa. Miongoni mwa dawa hizo imo ile ya malaria iitwayo Artemether-Lumefantrine. Hutolewa katika pakiti za vidonge 6, 12, 18 na 24 kwa kufuata uzito wa mgonjwa: pakiti ya vidonge 6 ni ya mtoto wa kuanzia kilo 5 asiyefika kilo 15, na ile ya vidonge 24 ni ya mtu wa kilo 35 na zaidi. Haya, hesabu herufi za jina lenyewe pamoja na kistari chake. Ni 23. Kisanduku chaonyesha 20 hivi. Jina halijesha, menyu imekwisha! Idadi ya vidonge, ambayo ndiyo tofauti pekee kati ya pakiti na pakiti, ilikuwa nyuma ya ukuta.

Kwa hiyo Sista alipokunjua menyu aliona mistari mitatu iliyofanana kama mayai ya kuku mmoja, maana wakati ule walikuwa na pakiti za namna tatu. Alilivuta dirisha likajaa skrini nzima, lakini kisanduku hakikusogea. Basi akafanya kama mtu mwenye akili afanyavyo. Aliuliza, akaandika kwa kalamu ya risasi kwenye kikaratasi, akakibandika ubavuni mwa skrini: wa kwanza vidonge 12, wa pili 24, wa tatu 6. Mpango huo ni wa ajabu kidogo, lakini kompyuta ilikuwa imepanga majina kwa kufuata herufi, si kwa kufuata hesabu, na kwa mpango wa herufi 6 huja baada ya 24.

Siku moja pakiti za vidonge 18 zikafika, zikaongezwa katika orodha. Zikaingia katikati, baada ya 12. Tangu saa ile kikaratasi kikawa mwongo. Sista alipotoa pakiti ya mtoto mchanga na kuchagua mstari wa tatu, kompyuta iliandika kwamba imetoka pakiti ya mtu mzima. Mgonjwa hakupewa dawa isiyo yake, maana Sista husoma pakiti yenyewe mkononi kabla ya kuitoa. Lakini daftari liliharibika. Mwisho wa mwezi kompyuta ilisema pakiti za watoto ni nyingi, na rafu ilikuwa tupu. Kwa sababu hiyo hazikuagizwa kwa wakati, na Sista akalazimika kukata pakiti za watu wazima ili watoto wapate. Hizo nazo zikaanza kupungua, na malaria haingojei mtu aagize dawa.

Tena liko jambo lililonichoma zaidi ya hayo. Watu walisema, "Sista hajui kompyuta." Yeye aliyewatibu wengi wetu, akalaumiwa kwa kushindwa kusoma maneno ambayo hayakuonyeshwa! Hilo ndilo kiini cha maneno yangu. Kosa la mtengenezaji wa dirisha hutwikwa mtumiaji. Mtengenezaji yuko mbali, haonekani. Anayeonekana ni karani, mwuguzi au mwalimu aliyekaa mbele ya skrini, na lawama humwangukia yeye.

Sasa, ni kazi gani iliyohitajika ili kuzuia hayo? Kwa ajili ya wale wanaojifunza, nitaieleza.

Ndani ya dirisha kuna fremu, ambayo mimi nitaiita fomu. Fomu imegawanywa safu: safu ya kwanza, namba 0, ina maandishi kama "Dawa" na "Tarehe", safu ya pili, namba 1, ina visanduku vyenyewe. Nafasi inapoongezeka hutoka kwa dirisha kwenda kwa fomu, kutoka fomu kwenda kwa safu, na kutoka safu kwenda kwa kisanduku. Ni kama ruhusa ya kutoka skuli siku ya Jumamosi. Kiranja akikubali na mwalimu wa zamu akakataa, hutoki langoni. Mwalimu akikubali na mlinzi hana habari, hutoki vile vile. Kila mmoja katika mnyororo hapana budi aseme "ndiyo". Mistari ni hii minne:

fomu.grid(row=0, column=0, sticky="nsew")
dirisha.columnconfigure(0, weight=1)
fomu.columnconfigure(1, weight=1)
orodha.grid(row=0, column=1, sticky="ew")

Herufi zile za sticky ni pande za dunia kwa Kiingereza: n ni kaskazini, s kusini, e mashariki na w magharibi. Mstari wa kwanza waiambia fomu ishike kuta zote nne za nafasi yake ndani ya dirisha. Wa pili waiambia safu ya dirisha ipokee nafasi inayozidi. Wa tatu waiambia vivyo hivyo safu ya visanduku ndani ya fomu. Wa nne wakiambia kisanduku kishike ukuta wa mashariki na wa magharibi, yaani kitanuke kwa upana. Hakina haja ya kutanuka kwenda juu, maana kisanduku kinene hakiongezi lolote la kusoma.

Neno weight maana yake uzito, na usipoutaja huwa 0. Safu yenye uzito 0 haipati hata tone la nafasi iliyozidi. Hapo ndipo wengi hujikwaa. Huandika sticky peke yake, wakaona kisanduku hakisogei, wakasema Python ina kasoro. Python haina kasoro. Kisanduku kimeambiwa kishike kuta, lakini kuta zenyewe hazikuambiwa zisogee. Wengine huipa uzito safu ya fomu na kulisahau dirisha, na matokeo ni yale yale. Safu ya maandishi yafaa iachwe na uzito 0, kwa kuwa neno "Dawa" halitakuwa refu zaidi dirisha likiwa pana.

Wanaopenda kupanga vitu kwa pack badala ya grid nao wana njia yao. Kisanduku kilichopangwa juu kwa chini chahitaji fill="x"; kilichopangwa kando kwa kando chahitaji pia expand=True. Lakini fremu kilichomo kisanduku nayo lazima itanuke, maana kanuni ya mnyororo haibadiliki.

Na ukiisha kufanya hayo, kisanduku kikitanuka, orodha inayokunjuka chini yake nayo hutanuka. Mistari minne imekuletea faida mbili.

Wako wenzangu katika chama chetu cha kompyuta wasiokubaliana nami, na ni haki niyataje maneno yao.

Wa kwanza husema, "Lifunge dirisha lisivutike kabisa, basi taabu imekwisha." Ni kweli kwamba tkinter ina amri ya kufanya hivyo. Lakini kufunga dirisha si kulitengeneza. Maneno yaliyokatwa yatabaki yamekatwa, na sasa hata mwenye skrini pana umemnyima njia ya kujisaidia. Hiyo ni sawa na daktari anayemkataza mgonjwa kukohoa, kisha akasema kifua kimepona.

Wa pili husema, "Kipe kisanduku upana mkubwa, herufi 60, na kila jina litaingia." Huyu yuko karibu na kweli, lakini hajafika. Kwenye skrini ndogo dirisha lake litapita ukingo, na vitufe vya kando visionekane. Tena mwaka ujao litakuja jina la herufi 70. Mimi nasema tufanye yote mawili: tuanze na upana wa jina lililo refu katika orodha, ambao Python yaweza kuuhesabu yenyewe, kisha turuhusu kutanuka na kupungua. Safu yenye uzito ndiyo itakayopungua nafasi ikiwa haba, na vitufe vitabaki mahali pao. Fundi cherehani hushona kaptula ya skuli kwa kipimo cha mtoto wa leo, lakini huacha pindo kwa ajili ya mtoto wa mwakani. Hashoni kaptula ya mtu mzima akamvika mtoto wa darasa la kwanza.

Wa tatu husema, "Tumia OptionMenu ya zamani, maana orodha yake hukunjuka kwa upana wa jina lililo refu." Hilo ni kweli, na kwa orodha fupi sina ugomvi nalo. Lakini kitufe chake, kikiachwa hivi hivi, hubadilika upana kila unapochagua jina jingine, na vitu vya jirani vikasukumwa huku na huku. Maandishi yake nayo hukaa katikati badala ya kuanzia kushoto. Kukituliza utahitaji sticky na uzito vile vile, pamoja na kukiambia anchor="w" ili maandishi yaanze kushoto. Basi hujaikwepa kazi.

Wa nne husema, "Watu watazoea." Huyu ndiye ninayempinga kwa nguvu zote. Sista alizoea. Alizoea mpaka akabandika kikaratasi, na mazoea yake ndiyo yaliyoharibu daftari. Mtu akizoea kasoro, kasoro haiondoki, bali inajificha.

Lakini sitaki kudai kwamba kutanuka peke yake kunaponya kila kitu. Dirisha likifunguliwa dogo na mtu asilivute, majina bado yatakatwa. Kwa hiyo tuliwekee dirisha kipimo cha chini kwa minsize, ili lisipunguzwe kupita kiasi. Na tuwe na busara ya maneno: jambo linalotofautisha lije mwanzo. "Vidonge 6, Artemether-Lumefantrine" haliwezi kudanganya hata likikatwa mkia. Ni haki kusema kwamba busara hiyo peke yake ingeliokoa daftari la zahanati. Lakini huwezi kuyageuza majina yote ya dunia. Majina ya watu na ya vijiji hayabadilishwi ili yaingie katika kisanduku. Kisanduku ndicho kibadilike.

Na hapa liko jambo linalotuhusu hasa sisi tunaoandika kwa Kiswahili. Madirisha mengi hupimwa kwanza kwa maneno ya Kiingereza, tafsiri huja baadaye. Neno la Kiingereza la herufi 4 la kuhifadhi kazi yako, kwa Kiswahili ni "Hifadhi", herufi 7. Ukitafsiri dirisha lisilotanuka, utaona maneno yetu yamekatwa, na mtu atasema Kiswahili hakifai kwa kompyuta. Kumbe Kiswahili hakina neno. Dirisha ndilo bahili. Wenye lugha nyingine za nchi hii nao watakutana na jambo hilo hilo siku watakapotafsiri. Atakayetengeneza dirisha linalotanuka atakuwa amewafungulia wote mlango, hata wale ambao hajui lugha yao.

Kwa hiyo nawaletea wanachama wa chama chetu shauri hili. Programu yoyote isitoke mikononi mwetu kwenda kwa mtu kabla ya kujaribiwa mara tatu. Kwanza, livute dirisha mpaka lijae skrini, utazame kama menyu imefuata. Pili, lisukume liwe jembamba, utazame kama vitufe bado vyaonekana. Tatu, tia katika orodha jina refu kuliko yote unayoyajua, utazame kama lasomeka. Majaribio hayo matatu hayamalizi dakika tano. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu hujengwa kwa jasho la watu wengine.

Ninyi wanafunzi wa zamani mnaofanya kazi katika maofisi, mahospitali na maduka, nawaomba msaada wa namna mbili. Mkiona menyu iliyokatwa maneno, msinyamaze, wala msimcheke karani anayekosea. Mwambieni aliyeitengeneza. Na mkija skuli kututembelea, tuleteeni orodha za majina marefu mnayokutana nayo kazini, ya vijiji, ya vifaa, ya dawa, ili tujaribu programu zetu kwa mambo ya kweli, si kwa majina mafupi tuliyoyabuni darasani.

Hayo ndiyo mawazo yangu. Kama yuko mwenye mawazo mengine, hasa wewe uliyesema watu watazoea, kurasa hizi ni zetu sote, nami nitafurahi kusoma jibu lako katika toleo lijalo.

Mimi,
Mwanafunzi wa Kidato cha Sita